Sikio Limepasuliwa: Mbona Mutoto Hasikii Bado?

Ndugu watumikaji, na ninyi mama wa kambi, mara hii ukurasa wetu wa usalama na afya hautasema juu ya kofia ya kazi wala juu ya viatu vya chuma. Utasema juu ya majuma machache ya kungojea, ambayo jamaa moja ya kambi yetu ilikaribia kupotezea feza zake zote na masikio ya mutoto wake.

Asubuhi moja mama mmoja aliingia katika dispanseri na mutoto wake wa kiume wa miaka 3. Nyuma ya sikio la kuume la mutoto kulikuwa kitambaa cheupe. Habari yao nilikuwa naijua. Mutoto aliugua menenjite, ule ugonjwa wa ngozi ya ubongo. Akapona, lakini masikio yote mawili yakafa. Jamaa ikachanga feza, baba akachukua deni, mama akasafiri na mutoto mpaka India, na kule wakamupasua na kumutia mashini ndogo ndani ya sikio. Sasa siku 16 zilikuwa zimepita. Mama akaketi, akapiga makofi mara mbili nyuma ya kichwa cha mutoto. Mutoto hakugeuka.

«Baba munganga,» akasema, «walitudanganya.»

Ninaungama mbele yenu: siku ile sikukuwa na jibu. Katika masomo yetu walitufundisha kusafisha sikio lenye usaha na kutoa mududu aliyeingia ndani. Juu ya mashini hii hawakutufundisha neno. Nikaangalia kidonda, kilikuwa kikavu na kizuri. Mama akanionyesha karatasi moja ya Kiingereza yenye tarehe ya kurudi. Yeye na mume wake walifikiri ni siku ya kuangalia kidonda tu, na kwa sababu kidonda kimepona, walikuwa wamekata shauri wasilipe ndege mara ya pili. Nikamwambia arudi siku ya tatu. Jioni nikamupigia simu munganga wa masikio katika muji. Alichonieleza ndicho ninachowaandikia hapa, pamoja na mengine niliyosoma kisha.

Sikio la ndani ni kama konokono

Sauti inaingia katika tundu la sikio, inapiga ngozi nyembamba iliyokazwa kama ya ngoma, kisha mifupa midogo 3 inaipeleka ndani, mahali penye kitu kinachofanana na nyumba ya konokono. Wanganga wanakiita koklea. Kinajikunja mara 2 na nusu hivi, kimejaa maji, na ndani yake muna chembe ndogo sana zenye nywele, karibu 15,000. Chembe hizi zinageuza mutikisiko wa maji kuwa umeme mudogo, na mushipa wa kusikia unaupeleka katika ubongo. Zikikufa, hazioti tena. Kelele ya mashini za kutoboa mawe inaziua polepole, mwaka kwa mwaka. Menenjite inaweza kuzimaliza kwa siku chache.

Kifaa cha kusikia cha kawaida, kile kinachovaliwa sikioni, kinaongeza sauti tu. Kama chembe zimekufa karibu zote, hata ukiongeza sauti namna gani, hakuna wa kuipokea. Ile mashini ya kupasuliwa, inayoitwa implanti ya koklea, inapita njia ingine: inaruka chembe zilizokufa na kuamsha mushipa wenyewe kwa umeme.

Ina sehemu 2. Kwa sehemu ya ndani, munganga anapasua ngozi nyuma ya sikio, anachimba njia katika mufupa, anaweka chini ya ngozi kipokeo kidogo chenye sumaku, na kutoka pale anaingiza ndani ya konokono uzi mwembamba wenye vituo vya umeme, ambavyo ni elektrodi, 12 mpaka 22 kadiri ya kiwanda kilichoutengeneza. Sehemu ya inje ni chombo kinachokaa juu ya sikio: kina mikro ya kushika sauti, kina mawe kama yale ya radio lakini madogo sana, na kina duara dogo lenye sumaku linaloshikamana na kichwa juu ya ngozi, mbele ya ile sumaku ya ndani. Duara hilo linapitisha sauti na nguvu ya umeme katika ngozi, na hakuna waya unaotoboa.

Sasa shikeni neno hili. Sehemu ya ndani haina mawe yake. Bila sehemu ya inje haina nguvu hata kidogo, inalala. Na siku ya kupasuliwa, ni sehemu ya ndani tu inayowekwa.

Mutu anayetumika chini ya ardhi ataelewa upesi. Njia mupya ikifunguliwa katika mugodi, watu wa umeme wanavuta waya kwanza na kufunga taa ukutani. Ukipita siku ile utakuta taa zipo lakini giza ni lile lile. Hutasema taa ni mbovu. Utasema bado hawajaunganisha. Yule mutoto alikuwa na waya wote ndani ya kichwa chake, umefungwa vizuri, na hakuna aliyekuwa amewasha.

Tena si kwamba wanganga wanafunga wakiomba bahati. Kabla ya kushona, mugonjwa akiwa bado katika usingizi, wanapitisha umeme kidogo katika kila elektrodi ili waone kama inafanya kazi, na mara nyingi wanasoma pia jibu la mushipa wa kusikia. Kisha wanazima, wanashona.

Kwa nini wasiwashe siku ile ile?

Desturi ya hospitali nyingi, kwa miaka mingi, imekuwa kungojea majuma 3 mpaka 6; majuma 4 ndiyo yanayosikika zaidi. Sababu ya kwanza kila mama anaweza kuiona kwa macho yake: ngozi imevimba. Duara la inje linashikwa na sumaku tu. Kama kati ya sumaku mbili kuna ngozi nene iliyojaa maji, duara linaanguka, au sauti inapita vibaya. Mutu akitia sumaku yenye nguvu zaidi ili ishike kwa lazima, inakandamiza ngozi ambayo haijapona, damu haipiti vizuri pale, na kidonda kinaweza kufunguka. Kidonda kikifunguka juu ya kitu kigeni chini ya ngozi, wadudu wa ugonjwa wanapata nyumba. Mara zingine hakuna dawa ingine ila kuitoa mashini yote.

Sababu ya pili iko ndani, haionekani. Uzi wa elektrodi ukiingia katika konokono, mwili unatambua mugeni. Nyama nyembamba inaanza kuota kuuzunguka, na maji ya mule ndani yanabadilika. Kwa hiyo nguvu ambayo umeme unakutana nayo unapotoka katika elektrodi inapanda katika majuma ya kwanza, kisha inashuka wakati mashini inapoanza kutumiwa kila siku. Mutu akipima kipimo cha sauti siku ya pili, juma la tatu kipimo hicho si cha kweli tena. Wanangojea mahali patulie, ndipo wanapima.

Ya tatu ni mugonjwa mwenyewe. Konokono ya kusikia ni jirani ya chombo kinachotusimamisha wima bila kuyumba. Wengi wanasikia kizunguzungu siku za kwanza, kichwa kinauma, ulimi unakosa ladha. Mutu wa namna hii hawezi kukaa saa 2 akijibu: nasikia, sisikii, hii ni kubwa, hii ni ndogo. Mutoto ndiye hawezi kabisa.

Lakini jirani yangu aliwashiwa kesho yake!

Inawezekana, wala hasemi uongo. Katika miaka ya karibuni wanganga wanapasua mahali padogo kuliko zamani, uvimbe ni kidogo, na hospitali zingine zinawasha juma la kwanza au la pili. Ziko hata zinazowasha siku inayofuata. Waliochunguza jambo hilo hawakuona vidonda vikiharibika zaidi kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri. Faida yake ni kubwa kwa mutu anayetoka mbali: analipa nyumba ya wageni siku chache, na moyo wake hauteseki majuma mengi katika kimya. Hasara yake ni kwamba vipimo vinabadilika upesi, kwa hiyo anapaswa kurekebishiwa mara nyingi zaidi katika mwezi wa kwanza. Na baada ya miezi mingi, aliyewashiwa mapema na aliyewashiwa juma la 4 wanasikia karibu sawasawa.

Kwa hiyo usipime hospitali yako kwa hospitali ya jirani. Mimi naona ulizo la kufaa ni hili, na liulizwe kabla ya kununua tikiti ya ndege: «Mutawasha siku gani, na baada ya kuwasha mutataka kutuona mara ngapi?» Hesabu yote ya feza inategemea jibu hilo. Wengi wanakusanya feza za kupasuliwa, wanafikiri kazi imekwisha pale. Kupasuliwa ni saa 2 au 3 tu. Kazi inayobaki ni ya mwaka muzima.

Na upande mwingine wa kungojea? Kama mutoto ana homa, au kidonda kimechelewa, na munganga akasogeza tarehe juma 1 au 2, musiogope. Lakini kuacha miezi ipite bure ni vibaya, hasa kwa mutoto mudogo. Ubongo wa mutoto unajifunza kusikia katika miaka ya kwanza, mbele ya miaka 3 na nusu zaidi ya wakati wote. Mwezi mmoja wa mutu muzima na mwezi mmoja wa mutoto wa miaka 2 si kitu kimoja.

Katika majuma ya kungojea

Kidonda kisiguswe na maji mpaka munganga aruhusu. Mutu asipenge kamasi kwa nguvu, asibebe muzigo muzito, na asicheze mupira. Mama aliyepasuliwa asichukue ndoo ya maji kichwani. Mabinti wa nyumba wako wa kumusaidia. Mutoto asiachwe apande mwembe. Kipigo cha kichwa mahali pale kinaweza kuvunja kilicho ndani.

Njooni dispanseri bila kungojea asubuhi mukiona usaha, ngozi nyekundu yenye moto, uso unaovutwa upande mmoja, maji meupe yanayotoka puani bila mafua, au homa pamoja na shingo iliyokauka. Hii ya mwisho ni hatari kuliko zote. Mutu mwenye implanti anaweza kushikwa na menenjite upesi kuliko mutu mwingine, na ndiyo sababu inafaa apigwe sindano ya kukinga wadudu wa nimonia na wa menenjite, vema zaidi majuma 2 au zaidi mbele ya kupasuliwa. Kama hakupigwa, aulize hata sasa.

Siku ya kuwasha

Mugonjwa anaketi karibu na kompyuta. Fundi wa kusikia anaweka chombo juu ya sikio na duara juu ya ngozi, na anaanza na umeme mudogo kabisa, elektrodi moja moja. Anatafuta alama 2 kwa kila moja: pale mutu anaposikia kwa mara ya kwanza, na pale sauti inapokuwa kubwa bila kuumiza. Kwa mutoto asiyeweza kujibu anaangalia macho, kunyonya, kuacha kucheza. Kisha anafungua zote pamoja, kwa sauti ya chini kwa kusudi.

Musingojee muujiza. Mutu muzima aliyepata kusikia zamani atasema ni milio ya filimbi, au radio isiyoshika kituo, au watu wanasema kama bata. Ni kawaida, ubongo haujazoea. Mutoto mara nyingi analia na kung'oa chombo. Hata hiyo ni habari njema: analia kwa sababu kitu kimemufikia. Wengine hawaonyeshi kitu siku ile, wanaonyesha baada ya majuma.

Hata watu waliovumbua mashini hii walipita katika woga huo. Katika Paris, mwaka wa 1957, André Djourno na Charles Eyriès walikuwa wa kwanza kuamsha mushipa wa kusikia wa mutu kwa umeme wa chombo kilichowekwa mwilini. Katika Melbourne, inchi ya Australia, tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 1978, Profesa Graeme Clark alimupasua Rod Saunders, mutu aliyepoteza masikio yake katika ajali ya gari, akamutia mashini yenye elektrodi nyingi. Wakangojea majuma apone. Walipowasha mara ya kwanza, Saunders hakusikia sauti waliyokuwa wakimutumia. Fikirini moyo wa Profesa siku ile. Kisha wakagundua kosa lilikuwa katika vyombo vya inje, si katika sikio. Walipotengeneza na kumupigia wimbo wa taifa, Saunders akautambua, akasimama wima.

Baada ya kuwasha, fundi anarekebisha tena baada ya siku au majuma machache, kisha mwezi wa 3, wa 6, wa 12, na kila hospitali ina kalenda yake. Chombo kivaliwe muchana wote, kitolewe wakati wa kulala na wa kuoga. Mutoto asemeshwe: jina lake, sufuria, mbuzi, mvua. Yeye anaanza kuhesabu umri wa masikio siku ile. Mwenye miaka 3 aliyewashiwa jana ana masikio ya siku 1. Musimucheke kama hasemi.

Neno moja kwa sisi wa kazi ya kelele, maana najua watakuja kuniuliza. Karibu wote waliopunguza masikio katika mugodi hawahitaji kupasuliwa. Kelele kwa kawaida haiui yote, na kifaa cha kuvaa kinawatosha. Implanti ni ya mutu ambaye hata kifaa chenye nguvu hakimusaidii. Vaeni vifuniko vya masikio, basi. Na katika nyumba, kinini isipite kipimo, na sindano za gentamisini au streptomisini zisipigwe na mutu wa soko, maana zinaweza kuua masikio. Mutoto akitoka katika menenjite, apimwe masikio mara moja, hata kama anaonekana muzima: baada ya ugonjwa huo mufupa unaweza kuota ndani ya konokono na kuiziba, na pale hata uzi wa elektrodi hauna njia. Hapo hakuna wakati wa kuchezea. Wale wanaouliza mahali katika Afrika: hospitali ya Tygerberg, Afrika ya Kusini, ilianza kazi hii mwaka wa 1986, na Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka wa 2017.

Turudi kwa yule mama. Siku ya tatu alikuja pamoja na mume wake, aliyekuwa ametoka katika kazi ya usiku na hajalala. Nikawasomea ile karatasi neno kwa neno, munganga wa muji akitusaidia katika simu. Tarehe ile ilikuwa ya kuwasha. Siwezi kusifu waliompa mama karatasi ya luga asiyoijua bila kumweleza. Baba alikaa kimya sana. Kisha akauliza: «Tukikosa tarehe, wanazima kabisa?» Hapana, hawazimi kitu ambacho hakijawashwa. Tukapiga simu kule India, wakasogeza tarehe. Wenzake wa likelemba wakakubali apokee zamu yake mbele ya wengine, na mutoto akawashiwa juma la 6. Alilia, akang'oa chombo mara 3. Walikaa kule mpaka vipimo vya kwanza vikatulia, kisha wakarudi.

Mwezi wa 8 baada ya kuwashiwa, mama alimuleta kwangu kwa sababu ya malaria. Nilikuwa ninasafisha vyombo nyuma yao, bakuli la chuma likaniponyoka. Mutoto aligeuka mbele ya mama yake. Akaangalia bakuli, akaniangalia mimi, akasema: «Imeanguka.»